Sindano ya Liyongo na mchanga wa Dune

Vijana ninaobarizi nao Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, hawajaacha kubishana juu ya Dune tangu filamu ya pili ilipotoka mwaka 2024, na sasa moto umetiwa kuni mpya, maana filamu ya tatu, ya kitabu cha pili, Dune Messiah, imepangiwa kutoka Desemba 2026. Wale waliosoma riwaya ya Frank Herbert (na wapo zaidi ya anavyodhani mtu wa bara, kwa sababu kitabu hupita mkono kwa mkono na nakala ya simu hupita kwa kasi zaidi) wana shitaka moja kubwa: Chani, binti wa Wafremen, watu wa jangwani, ameharibiwa. Kitabuni anasimama na mpenzi wake Paul Atreides, shujaa wa kisa, mpaka ukurasa wa mwisho. Kwenye filamu anamgeuzia kisogo, anapanda mnyoo wa jangwani na kwenda zake. Mwongozaji aliyethubutu hilo, wanasema, atathubutu lolote, na kitabu cha pili kimekwisha kuliwa kabla hakijapikwa. Mimi naona shitaka hilo limebisha mlango usio wake. Badiliko la Chani ndilo tendo la uaminifu kuliko yote katika filamu zile mbili. Kilichopotea, na ambacho sijasikia mtu akikililia, ni maneno. Na sisi wa pwani tungetarajiwa kuwa wa kwanza kuliona pengo hilo, kwa kuwa maneno yenyewe ni ya nyumbani kwetu.

Kwanza historia kidogo. Herbert alikuwa mwandishi wa magazeti, na mbegu ya riwaya yake ilikuwa makala aliyotaka kuandika kuhusu vilima vya mchanga vya Oregon, Marekani, na jinsi watu walivyojaribu kuvizuia visitembee. Mtu wa Shela hahitaji kufafanuliwa jambo hilo, ingawa mchanga wa Shela ndio unaotutunzia maji matamu, na ule wa Arrakis, sayari ya kitabuni, hauna hata tone la kumpa mgeni. Wachapishaji wengi waliikataa riwaya. Waliokuja kuitoa mwaka 1965 ni Chilton, kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari. Ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400, na ugumu wake hauko kwenye wingi wa kurasa. Herbert humweka kila mtu chumbani akisema moja na kuwaza jingine, na msomaji huyasikia yote mawili. Katika miaka ya 1970 Alejandro Jodorowsky alipanga filamu ya saa zaidi ya kumi, mradi ukafa kabla ya kamera kuwashwa. Mwaka 1984 David Lynch alitoa yake ya dakika 137, wahusika wakinong'ona mawazo yao kama watu wanaozungumza na mashetani. Mwaka 2000 ukaja mfululizo wa televisheni wa zaidi ya saa nne. Kisha Denis Villeneuve, mwaka 2021 na 2024, dakika 155 na dakika 166. Jumla ni saa 5 na dakika 21 kwa kitabu kimoja, na bado watu wanadai.

Wanadai kwa haki, nianze hapo. Aliyekaa na kitabu wiki tatu, akakilaza kwenye mto wake, amekwisha kupiga filamu yake mwenyewe kichwani kabla ya mwongozaji yeyote, na filamu ile haikumgharimu mtu ila yeye. Kumwambia leo akae kimya, eti filamu ni filamu na kitabu ni kitabu, hakuna cha kulinganisha, ni hoja dhaifu kuliko zote ninazozisikia upande wa watetezi wa sinema. Kama hakuna cha kulinganisha, jina la kitabu linafanya nini kwenye bango? Jina ndilo lililouzwa. Tazama watu wa vibanda vya video wanaomsikiliza DJ Afro akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji na kutia chumvi yake: hakuna anayelalamika kwamba amebadilisha maneno, kwa sababu aliyelipa amelipa kumsikia DJ Afro. Ukimwita mtu kwa jina la Herbert, umejifunga deni kwa Herbert. Suala ni deni gani.

Hapa ndipo mashabiki nao hunipoteza. Wengi wetu tulijifunza kusoma riwaya darasani, kwa ajili ya mtihani, na mtihani una swali lake lisilokosa: eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Vikundi vya waigizaji vinavyozunguka shuleni kuonyesha vitabu teule vinalijua hilo vizuri. Havithubutu kuruka tukio, maana mwanafunzi wa kidato cha nne amekuja na daftari, si kuburudika. Nilikaa katika ukumbi mmoja wa aina hiyo nikiwa mwanafunzi, na ninachokumbuka ni minong'ono iliyozuka mwigizaji alipobadilisha mahali pa barua moja. Hatukujali kwamba aliisoma barua ile kwa sauti iliyotutoa machozi. Tumekua, tumeacha shule, lakini jicho limebaki lile lile la kuhesabu matukio. Kwa hiyo filamu ya kwanza ikaruka karamu ya Arrakeen, tukapiga kelele. Mwanaikolojia Kynes akawa mwanamke, tukapiga kelele. Thufir Hawat, mshauri wa ukoo wa Paul, hakuonekana kabisa katika filamu ya pili, na Alia, dada yake Paul, ambaye kitabuni ni mtoto wa ajabu mwenye kumuua Baron, adui wa ukoo wao, kwa mkono wake, akabaki tumboni mwa mama yake. Yote ni kweli. Na wapo wanaosema dawa ni urefu tu: wangepewa mfululizo, kila kitu kingeingia. Mfululizo walipewa mwaka 2000. Matukio mengi yaliingia kwa utaratibu wake, na ukiwauliza mashabiki hao hao ni picha gani ya Dune wanayoiota usiku, wachache mno watataja ile.

Visiwa hivi vina uzoefu mkongwe wa kuhamisha visa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, uzoefu mkubwa kuliko Hollywood nzima. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, beti zaidi ya 1,100, kutokana na masimulizi ya Kiarabu. Kihistoria msafara wa Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, haukuwa na vita: jeshi la Rumi halikutokea, na Mtume (S.A.W.) akarejea Madina na watu wake. Masimulizi yaliyomfikia Mwengo yalikuwa yamekwisha kukigeuza kisa kuwa mapambano makubwa na Herkali, mfalme wa Rumi, naye akayachukua, akayapa vina vya Kiswahili, na watu wakayasoma karne kwa karne. Yuko pia Fumo Liyongo. Visa vyake vilikuwa midomoni mwa watu kabla Muhammad Kijuma wa hapa Lamu hajauandika utenzi wake mwaka 1913, na mpaka leo husimuliwa kwa namna nyingi. Wapo wasemao aliuawa na mwanawe, wapo wasemao ni mpwawe. Msimulizi akibadilisha hilo, wazee watakohoa kidogo na kumwacha aendelee. Lakini sindano ya shaba kitovuni haiguswi. Ukisimulia kwamba Liyongo alipigwa rungu, utabaki peke yako barazani. Sindano ndiyo inayokifanya kisa kiwe kisa: shujaa asiyeuawa na chuma cha adui anauawa na siri aliyomwambia mtu wa damu yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwongozaji ni hili: sindano ya kitabu hiki iko wapi, na umeifanya nini? (Alia naye hutumia sindano ya sumu, lakini hiyo mniachie, siyo ninayoizungumzia.)

Sindano ya Dune ni onyo. Herbert aliandika kisa cha mkombozi ili atuogopeshe na wakombozi. Paul anaona mapema kwamba watu watakaomfuata watamwaga damu katika ulimwengu mzima kwa jina lake, anajaribu kuikwepa njia hiyo, na kila hatua anayopiga inampeleka humo humo. Tabu ni kwamba onyo lote liko ndani ya kichwa cha Paul, katika yale mawazo ambayo msomaji huyasikia na wahusika wengine hawayasikii. Wasomaji wengi waliyapita, wakaondoka na shujaa mzuri juu ya mnyoo mkubwa, na Herbert akarudi mwaka 1969 na Dune Messiah kuwaeleza bila kificho. Sasa mpe mwongozaji kazi hiyo. Kamera haiingii kichwani. Lynch alijaribu kwa minong'ono, akafuata matukio kwa adabu zote, Alia yumo na anamuua Baron kama ilivyoandikwa. Halafu dakika za mwisho akainyesha mvua jangwani kwa uwezo wa Paul. Mvua ile, ambayo kitabuni haipo, na ambayo kwa kanuni za kitabu ingewaua wale minyoo kwa kuwa maji ni sumu kwao, ilimgeuza Paul kuwa mungu wa kweli. Matukio takriban yote yamehifadhiwa na sindano imeng'olewa. Villeneuve alikwenda kinyume. Alichukua shaka iliyokuwa ndani ya Paul akaipa mwili, akaipa uso na macho ya kukasirika, akaiita Chani. Wakati wengine wanapiga magoti, yeye anabaki wima, na mtazamaji asiyewahi kufungua kitabu anajua kwamba kilichotokea si ushindi. Kama hilo ni uharibifu, basi Herbert mwenyewe, aliyelazimika kuandika kitabu kizima cha pili kusema jambo hilo hilo, alikuwa mharibifu wa kwanza.

Ningependa niishie hapo, lakini nisingekuwa mkweli. Upo upande wa mpango huo unaonikera. Ili Chani awe mwenye shaka, filamu imewagawa Wafremen mafungu mawili: vijana wa kaskazini wasiosadiki unabii, na watu wa kusini wenye imani kali, wanaolia na kusujudu. Kitabuni mgawanyo huo haupo. Chani wa kitabuni ana cheo katika dini ya watu wake, anaamini na ana akili, na Herbert hakuona mambo hayo mawili yakipigana. Mtu aliyelelewa katika mji wenye msikiti wa Riyadha, ambako mwenye imani kuliko wote mtaani mara nyingi ndiye aliyesoma kuliko wote, atalishangaa jangwa ambalo wanaofikiri hawasadiki na wanaosadiki hawafikiri. Na nilipojiuliza ufa huo uliingilia wapi, nikarudi kwenye maneno.

Mwishoni mwa riwaya Herbert aliweka faharasa ndefu ya maneno ya ulimwengu wake. Msomaji wa Chicago huifungua kila baada ya kurasa mbili. Msomaji wa Langoni, hapa Lamu, huifungua ili acheke. Aql, jaribio la akili. Adab, ambayo Herbert ameifanya kumbukumbu inayomjia mtu yenyewe. Angeuliza hapa angeambiwa adabu ni nini, pengine kwa kofi. Ruh, sirat, shaitan, hajj, Ramadhan, ilm na fiqh. Bi-la kaifa, ambayo "bila" yake tunaitumia kila tunapoagiza chai. Lisan al-Gaib, ulimi wa ghaibu, jina wanalompa mkombozi wao: mzee mmoja aliyesikia jina hilo likipigwa kelele kwenye simu ya mjukuu wake aliuliza tu, "Ghaibu ya nani?", akarudi kwenye kahawa yake. Herbert aliyaokota maneno haya kila mahali, mengine akayapinda, lakini kwa wingi wake yanajenga kitu: Wafremen ni watu wenye elimu yao, sheria yao, msamiati wa kubishana na kupima. Filamu zimebakisha Mahdi, zimebakisha Lisan al-Gaib, zimebakisha Shai-Hulud, jina la mnyoo. Elimu, fikihi na akili sikuzisikia. Yaani yamebaki maneno ya kusubiri na kushangilia, yakaondoka maneno ya kufikiri. Watu walionyang'anywa msamiati wa hoja watafanya nini mbele ya kamera ila kulia na kusujudu?

Neno ambalo limeondolewa kwa uangalifu mkubwa zaidi ni jihadi. Kitabuni limetapakaa, ndilo jina la kile ambacho Paul anakihofia. Kwenye filamu limekuwa "vita vitakatifu", na katika tangazo la mwanzo la mwaka 2020 lilikuwa jina la vita vya msalaba, jambo ambalo lingekuwa kichekesho kama lisingekuwa linakera. Watetezi wana hoja mbili, na ya kwanza ni nzito. David J. Peterson, mtaalamu aliyeitunga lugha ya Wafremen kwa ajili ya filamu, amesema kisa kinatokea maelfu mengi ya miaka mbele, na hakuna lugha inayobaki ikitambulika kwa muda huo. Kama kanuni ya isimu, ni sawa. Kiswahili cha Mwengo cha 1728 chenyewe kinamhangaisha kijana wa leo, na hapo hatujatimiza hata miaka 300. Ila kanuni ikishikwa ishikwe yote. Mahdi amevukaje maelfu hayo bila kupoteza herufi, na jihadi ikafia njiani? Iliyochagua si isimu. Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini: neno hilo tangu 2001 limebeba mizigo mingine, na hakuna studio inayotaka kulitundika bangoni. Hilo naweza kulielewa, na nikubali pia kwamba Herbert mwenyewe alilitumia kwa maana finyu, ya watu wenye jazba na mapanga. Lakini tazama kilichotokea lilipoondolewa. Katika Kiswahili jihadi inakaa jirani na juhudi na kujitahidi, mzizi mmoja, na sikio letu husikia humo mtu anayehangaika na nafsi yake kabla hajahangaika na jirani. Hangaiko hilo ndilo lililompata Paul. "Vita vitakatifu" havina hangaiko. Vina vita tu. Waliojaribu kutukinga na neno baya wametupa lililo baya zaidi.

Kwa nini hili halikuzua kelele kama karamu iliyorukwa? Kwa sababu neno halina muktadha wa dondoo. Huwezi kusema lilitoka ukurasa gani. Tukio likitoweka, shabiki anahesabu, anakuta pungufu. Msamiati ukitoweka, kinachobaki ni hisia kwamba watu fulani wamekuwa wajinga kidogo kuliko walivyokuwa kitabuni, na ni rahisi kumlaumu mwigizaji.

Jambo hili si la sayari ya mbali. Yvonne Adhiambo Owuor alitoa mwaka 2019 riwaya ndefu inayoanzia kisiwani Pate, The Dragonfly Sea, iliyoandikwa kwa Kiingereza chenye Kiswahili kimetapakaa ndani yake. Tuseme siku moja mtu anataka kuipiga filamu, na majahazi ya watu wa kamera yanatia nanga Faza. Ninajua tutakachokilinda. Tutauliza kama yule binti anaondoka kwenda China katika sura ile ile, kama nyumba ni ile ile, kama leso ni ya rangi iliyoandikwa. Na huku tunalinda leso, mtu mmoja chumbani na kompyuta yake ataamua Kiswahili kibaki wapi. Nadhani kitabaki katika salamu, katika dua, katika wimbo wa harusi, na katika mama anayepiga ukelele ufukweni. Mahali watu wanapofikiri, wanapokata bei, wanapobishana juu ya mirathi, wanapomtongoza mtu kwa ubeti wenye fumbo, hapo watazungumza Kiingereza safi. Na Kipate, ambacho si Kiamu wala si Kiswahili cha redioni, hakitasikika hata mara moja. Litatafutwa jina la kuuita mchanganyiko huo "lugha ya visiwa" na sisi tutashukuru kuonekana. Mtayarishaji atakuwa na sababu zake, na hazitakuwa za kipuuzi: waigizaji, soko, watu wasiopenda kusoma maandishi chini ya picha. Ndiyo maana mjadala huo ungefaa kuanza kabla ya kamera, na uanzie kwenye mdomo wa mhusika badala ya mavazi yake.

Kuhusu Desemba, wanaobarizi nami wanataka kujua kama Chani atarudi, na atarudije. Atarudi, hilo halinisumbui, waandishi wa filamu wana njia elfu za kumrejesha mtu juu ya mnyoo. Mimi nangoja mazungumzo mamoja. Katika Dune Messiah Paul anamkalisha Stilgar, yule rafiki wa zamani aliyegeuka mfuasi, akamhesabia: watu bilioni 61 wamekufa, sayari 90 hazina tena kiumbe hai, dini 40 zimefutwa pamoja na waumini wao. Anajilinganisha na Genghis Khan na Hitler, na Stilgar, maskini, hata hawajui ni nani. Waache wamwondoe kibeti Bijaz, waache wampunguze yule nahodha anayeelea ndani ya tangi, sitaandika barua ya malalamiko. Hesabu ile wakiiacha nje, watakuwa wameinyesha mvua ya Lynch kwa mara ya pili. Na wakiiweka, nitasogeza sikio karibu kabla Paul hajafika kwenye bilioni, nisikie vita hivyo atavitaja kwa jina gani.